Jibu Limo Katika Habari: Kusoma Kiingereza kwa Kufahamu

1. Lugha za Kamina

Kamina ni mji mkuu wa jimbo la Haut-Lomami, katika nchi ya Kongo. Ni mji wa njia panda za reli. Mwaka 1928 reli iliyotoka upande wa Bukama ilikwisha kupita Kamina na kufika Ilebo, penye mto Kasai. Mwaka 1956 tawi jingine lilikamilika, kutoka Kamina hata Kabalo. Basi njia tatu hukutana hapa: moja yaenda kusini, Lubumbashi, moja yaenda Kananga na Ilebo, na moja yaenda Kabalo, kuelekea ziwa Tanganyika.

Mahali njia zinapokutana, lugha nazo hukutana. Nyumbani watu wengi husema Kiluba. Sokoni husikika Kiswahili, ambacho ni mojawapo ya lugha nne za taifa zilizotajwa katika katiba ya Kongo ya mwaka 2006. Nyingine ni Kikongo, Lingala na Tshiluba. Katika madarasa ya juu mwalimu hufundisha kwa Kifaransa, maana ndiyo lugha ya serikali. Tena mtoto akiingia sekondari hukuta lugha nyingine inamngoja: Kiingereza.

Kiingereza cha nini kwa mtoto wa Kamina? Fuata reli ya kusini. Ukiisha kupita Lubumbashi utafika Sakania, mpakani. Ng'ambo ya mpaka ni Zambia, na huko lugha ya serikali ni Kiingereza. Mfanyabiashara anayeleta mali kutoka huko hupewa karatasi za Kiingereza. Mashine nyingi huja na kitabu cha maelezo kwa Kiingereza. Hata dawa nyingine zinazouzwa dukani zina maandishi ya Kiingereza. Ndiyo sababu yafaa kujua, tangu shule ya msingi, jinsi mtu anavyosoma lugha ya kigeni mpaka akaifahamu.

2. Mashindano ya sekondari

Wanafunzi wa sekondari hupimwa katika kusoma Kiingereza kwa namna mbili.

Namna ya kwanza ni mtihani wa mwisho wa sekondari, uitwao kwa Kifaransa Examen d'État. Ulianzishwa mwaka 1967. Katika mtihani huo kuna sehemu ya lugha, yaani Kifaransa na Kiingereza. Mwanafunzi husoma habari, kisha hujibu maswali kwa kuchagua jibu moja kati ya majibu kadhaa yaliyoandikwa.

Namna ya pili ni mashindano ya kusoma, darasa na darasa au shule na shule. Washindani hupewa karatasi yenye habari fupi ya Kiingereza, na chini yake maswali. Saa hutazamwa. Muda ukiisha, kalamu huwekwa chini. Aliyejibu sawasawa maswali mengi ndiye mshindi.

Katika namna zote mbili kazi kubwa ni moja. Hakuna anayemwuliza mwanafunzi kama sauti yake ni nzuri. Anaulizwa hasa: Je, umefahamu ulichosoma?

3. Kuita maneno si kusoma

Kasuku huweza kusema jina la bwana wake, wala hajui maana yake. Wako wasomaji walio kama kasuku. Hushika kitabu, hutamka maneno yote mbio mbio bila kosa, na wenzao husema, "Huyu ajua kusoma!" Lakini ukifunga kitabu na kuwauliza, "Habari ilihusu nini?", hunyamaza. Wameita maneno, hawakusoma.

Kosa hilo si la watoto wa Kongo tu. Mwaka 1917 mwalimu mmoja wa Marekani, Edward Thorndike, aliyefundisha katika chuo cha Columbia mjini New York, aliwapa wanafunzi habari fupi ya sheria ya shule. Habari ilisema kwamba katika mji wa Franklin kila mtoto wa miaka 7 hata 14 lazima aende shuleni kila siku ya masomo, isipokuwa awe mgonjwa sana, au nyumbani kwao pawe na ugonjwa wa kuambukiza, au njia zisipitike. Kisha aliwauliza, habari hii yahusu nini hasa?

Habari ilikuwa ya lugha yao wenyewe. Walakini wengine walijibu, "Franklin." Walikuwa wameshika neno moja na kuyaacha mengine yote. Thorndike aliona kwamba kusoma ni kazi ya akili kama kufanya hesabu: msomaji huchagua yaliyo muhimu, huyaunganisha sawasawa, na kila neno hulipa uzito wake. Asiyefanya hivyo hukosa, hata akiwa ajua kutamka kila neno.

Tangu hapo miaka mingi imepita, lakini shida ipo bado. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba katika Kongo watoto 97 kati ya 100 wenye umri wa miaka kumi hawakuweza kusoma na kufahamu habari fupi na nyepesi. Ajifunzaye kufahamu, basi, hajifunzi jambo la mchezo.

4. Habari moja ya mfano

Tutazame sasa habari moja kama zile wanazopewa wanafunzi wa sekondari. Imeandikwa kwa Kiingereza:

A woman and her son came to Kamina by train. The journey was long, and the boy was hungry. There was cassava in her bag, but she did not give it to him, because it was not cooked. She gave him 2,000 francs and sent him to the market. He bought bread for 1,500 francs. When he came back, she asked him, "Where is the rest of the money?" He answered, "I gave it to an old man. He had not eaten since Monday." The mother was silent. Then she broke the bread in two and gave the boy the larger piece.

Maana yake kwa Kiswahili ni hii: Mama mmoja na mwanawe walifika Kamina kwa treni. Safari ilikuwa ndefu, na mtoto alikuwa na njaa. Mlikuwa na mihogo mfukoni mwa mama, lakini hakumpa, kwa sababu haikupikwa. Alimpa faranga 2,000 akamtuma sokoni. Mtoto alinunua mkate kwa faranga 1,500. Aliporudi, mama akamwuliza, "Fedha zilizobaki ziko wapi?" Akajibu, "Nilimpa mzee mmoja. Hakula tangu Jumatatu." Mama akanyamaza. Kisha akaumega mkate vipande viwili, akampa mtoto kipande kilicho kikubwa zaidi.

Maswali yake ni matatu:

Why did the woman not give the boy the cassava?
Yaani: Kwa nini mama hakumpa mtoto mihogo?

How much money did the old man receive?
Yaani: Mzee alipata fedha kiasi gani?

Was the mother angry with her son?
Yaani: Je, mama alimkasirikia mwanawe?

5. Aina tatu za maswali

Swali la kwanza ni la aina nyepesi. Jibu lake limeandikwa mahali pamoja, katika sentensi moja. Lakini hapo nako kuna mtego. Msomaji wa haraka huona neno "long", yaani ndefu, na kujibu kwamba safari ilikuwa ndefu. Ni kweli safari ilikuwa ndefu, lakini sivyo alivyoulizwa. Swali lilianza na "why", kwa nini. Basi tafuta katika habari neno "because", kwa sababu. Baada yake ndipo jibu lilipo: mihogo haikupikwa.

Swali la pili lina jibu ambalo halikuandikwa mahali po pote. Tafuta faranga 500 katika habari; hutaziona. Lazima uunganishe sehemu mbili. Mahali pamoja pasema mama alitoa 2,000. Mahali pengine pasema mkate ulinunuliwa kwa 1,500. Toa 1,500 katika 2,000, zimebaki 500. Hizo ndizo alizopata mzee. Anayejibu 2,000 au 1,500 ameona tarakimu moja akaikamata, kama wale wanafunzi walioandika Franklin.

Swali la tatu ni gumu kupita yote. Habari haisemi kwamba mama alikasirika, wala haisemi kwamba alifurahi. Yasema alinyamaza. Wanafunzi wengi watajibu, "Ndiyo, alikasirika, maana mtoto akigawa fedha za nyumbani bila ruhusa, mama hukasirika." Huenda ni hivyo katika nyumba nyingi. Lakini swali halikuuliza habari za nyumba nyingi. Lilimwuliza mama huyu mmoja. Naye alifanya nini baada ya kunyamaza? Alimpa mwanawe kipande kikubwa. Mtu aliyekasirika hafanyi hivyo. Basi jibu ni hapana, na ushahidi wake ni kile kipande cha mkate.

Hapo ndipo penye kanuni kubwa ya kazi hii yote: jibu limo katika habari, halimo katika kichwa cha msomaji. Ulichojua zamani hukusaidia kufahamu. Mtoto wa Kamina ajua kwamba mihogo michungu ikiliwa mibichi hudhuru, na kwa hiyo aelewa upesi kwa nini mama aliizuia. Lakini kabla ya kuandika jibu, weka kidole penye mstari unaolithibitisha. Usipoupata mstari huo, jibu lako ni la kubahatisha.

6. Maneno madogo yenye nguvu

Watu waliopanda treni Kamina wajua jambo hili: palipo njia panda ya reli pana vyuma vyembamba vya kugeuzia njia. Ni vidogo mbele ya injini nzito, lakini vikigeuzwa kidogo tu, treni ya Kabalo hushika njia ya Kananga. Katika Kiingereza yako maneno madogo yanayofanya kazi kama vyuma hivyo.

Neno "not" hukanusha. Katika Kiswahili ukanusho umo ndani ya kitendo chenyewe: alimpa, hakumpa. Katika Kiingereza ni neno la peke yake, herufi tatu tu, na jicho la haraka huliruka. Ukiliruka, maana yote hugeuka: "haikupikwa" huwa "ilipikwa".

Neno "but", lakini, huonya kwamba mambo yageuka sasa. Ukiliona, punguza mwendo, maana waulizaji hupenda kuuliza jambo linalofuata baada yake.

Maneno "he" na "she" huwasumbua sana watu wa lugha zetu. Katika Kiswahili tunasema "alikwenda", na neno hilo lafaa kwa mume na kwa mke. Kiluba nacho hakitengi hapo. Lakini Kiingereza hutenga: "he" ni mwanamume, "she" ni mwanamke. Ukiangalia vizuri, utapata msaada mkubwa. Katika habari yetu, kila penye "she" anatajwa mama tu, maana hakuna mwanamke mwingine.

Lakini "he" yaweza kuwa mtoto, tena yaweza kuwa mzee. Imeandikwa, "He had not eaten since Monday." Ni nani hakula tangu Jumatatu? Anayesema ni mtoto, naye akijitaja husema "I", yaani mimi. Aliyetajwa karibu kabla ya "he" ni mzee. Basi ni mzee aliyekosa chakula. Kila ukutapo neno la namna hii, simama ujiulize: Huyu ni nani?

7. Marafiki wa uongo

Anayejua Kifaransa ana msaada mkubwa katika kusoma Kiingereza, maana lugha hizi mbili zina maneno mengi yanayofanana. "Table", "train", "question", "important": huandikwa sawasawa katika lugha zote mbili, na maana ni moja. Ndugu hao watumie bila hofu.

Lakini kuna maneno yanayofanana kwa sura na kutofautiana kwa maana. Walimu huyaita marafiki wa uongo. Moja limo katika habari yetu. "Journey" yafanana na "journée" ya Kifaransa, ambayo ni siku nzima, tangu asubuhi hata jioni. Lakini "journey" ni safari.

Na wengine ndio hawa. "Library" ya Kiingereza ni nyumba ya kuazimia vitabu. "Librairie" ya Kifaransa ni duka la vitabu. "Attend" ya Kiingereza ni kuhudhuria. "Attendre" ya Kifaransa ni kungoja. Mwanafunzi akisoma kwamba watoto "attend school", akadhani wanaingoja shule, atakosa swali.

Namna ya kumtambua rafiki wa uongo ni kumwuliza jirani zake. Weka maana uliyodhani ndani ya sentensi. Kama sentensi yote yapatana, vema. Kama haipatani, neno hilo linakudanganya. Tafuta maana nyingine.

8. Neno usilolijua

Hakuna msomaji anayejua maneno yote. Anayesimama kwa kila neno jipya huchoka upesi, na muda wa mashindano humwishia njiani. Anayeruka kila neno jipya naye hupotea. Kuna njia ya katikati.

Tuseme hulijui neno "silent". Tazama kabla yake: mama aliuliza, mtoto akajibu. Tazama baada yake: mama akaumega mkate. Hakuna maneno mengine ya mama. Basi yaelekea hakusema kitu. Umepata maana bila kamusi.

Lakini ili jirani wakusaidie, lazima uwajue jirani wenyewe. Mwaka 2000 wataalamu wawili, Hu na Nation, walipima jambo hili kwa wanafunzi wa Kiingereza. Waliona kwamba ili wengi waweze kusoma habari na kuifahamu vema peke yao, yafaa wajue kama maneno 98 kati ya 100. Waliojua 80 tu kati ya 100, hakuna aliyefahamu vya kutosha. Kwa hiyo kubahatisha si badala ya kujifunza maneno.

Ni maneno mangapi ya kuanzia? Mwalimu Mwingereza Michael West, aliyefundisha miaka mingi huko Bengal, alitoa mwaka 1953 orodha ya maneno kama 2,000 ya Kiingereza yaliyo na faida kubwa kupita mengine. Hesabu 2,000 yaonekana kubwa. Lakini ukijifunza maneno matano kila siku, utayamaliza kwa siku 400, yaani mwaka mmoja na mwezi mmoja hivi. Fanya daftari ndogo. Andika neno, na pamoja nalo sentensi ulimolikuta, maana neno lililo peke yake husahauliwa upesi.

9. Mazoezi bila vitabu vingi

Mtu atasema, "Shuleni kwetu vitabu ni vichache. Tutajizoezaje?" Kitabu kimoja chatosha kwa kuanza, na ubao watosha pia.

Mwalimu au mwanafunzi mwenye mwandiko mzuri huandika habari fupi ubaoni. Wote huisoma kimya mara moja, tangu mwanzo hata mwisho, bila kusimama. Kisha habari hufutwa au hufunikwa. Mmoja husimama na kuieleza yote kwa Kiswahili au kwa Kiluba. Wenzake humsahihisha. Hapo ndipo msomaji wa namna ya kasuku atakapojulikana, hata naye mwenyewe atajijua.

Tena darasa ligawanywe makundi mawili. Kila kundi lisome habari moja na kutunga maswali matatu: moja ambalo jibu lake liko mahali pamoja, moja la kuunganisha sehemu mbili, na moja ambalo jibu halikuandikwa waziwazi. Kisha makundi yaulizane. Mwenye kujibu aonyeshe mstari. Jibu sahihi bila mstari lihesabiwe nusu tu. Anayejua kutunga swali ajua pia mtego uliko, wala hanaswi upesi.

Jambo hili zote mbili, kueleza na kuulizana, laweza kufanywa sasa hivi kwa Kiswahili. Wala mtoto wa shule ya msingi asingoje sekondari. Macho yatafutayo mstari wa ushahidi katika habari ya Kiswahili ndiyo yale yale yatakayoutafuta katika habari ya Kiingereza. Aliyezoea kujiuliza "huyu ni nani?" na "kwa nini?" katika lugha yake, hatajifunza tena desturi hiyo, atajifunza maneno mapya tu.

10. Siku yenyewe

Siku ya mashindano ikifika, mwanafunzi afuate taratibu hizi.

Kwanza, asome habari yote mara moja. Asiandike kitu bado.
Pili, asome maswali yote, aone anaulizwa nini: nani, wapi, lini, kwa nini, kiasi gani.
Tatu, asome habari tena polepole, akiweka alama penye majibu.
Nne, ajibu maswali mepesi, kisha arudi kwa yaliyo magumu. Asikae robo saa penye swali moja na kuyaacha mengine matano.
Tano, kama ni ya kuchagua, asome majibu yote kabla ya kuchagua. Mara nyingi jibu la uongo hutumia maneno yale yale ya habari ili kumvuta msomaji wa haraka.
Sita, mwisho asome tena aliyoyaandika, akitafuta hasa lile neno "not".

Wala asitazame karatasi ya jirani. Jirani huenda amenaswa na mtego, na atakayeiga atanaswa naye, lakini hatajua hata ni mtego gani.

11. Faida isiyo ya zawadi

Zawadi ya mashindano ni kitu chema. Huenda ni daftari, kalamu au kitabu. Lakini daftari hujaa, na kalamu huisha wino. Kuna faida nyingine inayobaki.

Fikiri nyumba moja ambamo mtoto mchanga ana upele. Mtu ameleta dawa katika chupa ndogo. Juu ya chupa pameandikwa: "For the skin only. Do not swallow." Baba na mama hawajui Kiingereza. Wanamwita mwana wao aliye sekondari. Kama ni msomaji wa namna ya kasuku, atatamka maneno vizuri, na wote watamsifu. Labda atatambua neno "swallow", meza, aseme, "Imeandikwa ameze." Lakini msomaji mwenye kufahamu ataona neno "not", na atasema, "Hii ni dawa ya kupaka ngozi tu. Msimpe kunywa."

Hapo hakuna saa inayotazamwa, wala hakuna anayehesabu majibu. Lakini hakuna shindano lililo kubwa kuliko hilo.

Maswali

1. Njia tatu za reli zinazokutana Kamina zaenda wapi?
2. Wanafunzi waliojibu "Franklin" walifanya kosa gani?
3. Mzee alipata faranga ngapi? Onyesha sehemu mbili za habari zinazokusaidia kujibu.
4. Tofauti ya "journey" na "journée" ni nini?
5. Kwa nini maneno matano kwa siku yatosha kumaliza 2,000 kwa siku 400? Fanya hesabu.
6. Katika habari ya mfano, je, mtoto naye alikula? Jibu, kisha sema kama jibu lako limo katika habari, au limo katika kichwa chako.